Kichochoro cha Mashariki

Hell-Ville, Nosy Be
Jioni, kesho ukiondoka

Nuria mwanangu,

Pasipoti, dawa ya malaria, namba ya simu ya mwenyeji wako wa Dar es Salaam: hayo tumeyamaliza mchana, na uso wako ulinionyesha kwamba yametosha. Hayamo humu. Kesho boti itakushusha Ankify, utapanda gari la Mahajanga, utakaa siku mbili kwa bibi yako Koko, kisha ndege. Barabara ni ndefu, na huenda ukakaa na abiria mwenye maneno mengi. Ukichoka kumsikiliza, soma hii.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ya huko uendako. Nyumbani tumekitumia kama sahani za wageni. Kimalagasi ni cha kila siku, Kifaransa cha shule, Kingazidja, lugha ya Komoro, cha Koko akikasirika. Kiswahili nilikuja nacho kutoka Dar, nikakufundisha tukiosha vyombo. Utagundua maneno niliyokufundisha vibaya. Watakucheka kidogo, kisha watakuzoea.

Nilikwenda huko nikiwa nimeuzidi umri wako wa sasa kwa miaka mitatu, nikakuacha kwa Koko hujaanza kutembea. Watu hudhani hilo ndilo ninalojilaumu. Silo. Ningekwenda tena. Ninalotaka kukueleza ni la baada ya kurudi, nilipokwisha kufuzu upangaji wa miji na kuajiriwa Mahajanga. Wewe ulikuwa darasa la pili. Unakumbuka rangi nyekundu ukutani na watu wakipiga kelele mlangoni, na hakuna aliyekueleza. Koko alisema mtoto haelezwi ugomvi wa barabara. Sasa wewe si mtoto, na unakwenda kusomea kazi ileile.

Nianze na jambo ambalo unalijua bila kujua kwamba unalijua. Kwetu mtu hasemi kulia wala kushoto kama anaweza kuepuka. Tunataja kaskazini na kusini hata mezani. Koko husema, "Nuria, punje ya wali, shavu la magharibi," nawe unapangusa shavu lenyewe bila kufikiri. Waislamu, Wasakalava wenyeji, watu wa madhehebu yote, mtu akiingia chumba asichokijua, mwili wake huuliza kwanza kaskazini iko wapi. Kwa sisi Waislamu ni rahisi zaidi, maana kibla chetu kiko huko.

Wiki yangu ya kwanza Dar nilimwambia msichana niliyelala naye chumba kimoja, "Dada, sogeza kitanda kusini kidogo." Akanitazama. "Kwani mimi meli?" Chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka nao. Usiku ule nikaanza kujifunza kulia na kushoto kama mtu anayejifunza kutembea na viatu vya kisigino. Mwaka wa pili sikujikwaa tena. Mwaka wa nne nilikuwa siwezi kukuambia kaskazini iko wapi mpaka nione mshale kwenye pembe ya karatasi. Sikuona kwamba nimepoteza kitu. Niliona nimeendelea.

Sasa Mahabibo, mtaa wa Koko kule Mahajanga. Unajua mtaa ulivyokaa: soko upande mmoja, barabara ya lami upande mwingine, na katikati vichochoro viwili vinavyokwenda sambamba, havina majina. Watu husema cha mashariki na cha magharibi, basi. Cha magharibi kina mtaro mpana na maghala ya nyuma ya maduka. Cha mashariki ni cha milango, mabaraza ya saruji mbele ya nyumba, bomba la maji, akina mama wanaopika mokary, vitumbua vya huku, alfajiri. Koko anaishi humo.

Manispaa ilitaka taxi-be, yale mabasi madogo, yapite katikati ya mtaa badala ya kuuzunguka. Kichochoro kimoja kipanuliwe kwa magari. Kingine kibaki cha waendao kwa miguu na posiposi, vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu. Mimi ndiye niliyesema wakazi waamue kipi ni kipi. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa nimesoma kuhusu miji iliyovunjiwa watu bila kuulizwa, nami niliamini, na bado naamini, kwamba anayepita njia kila siku ana haki nayo kuliko anayeichora. Mhandisi wetu, mtu mpole mwenye shati la mikono mirefu hata kwenye joto, alinijibu, "Waulize, Bibie. Ila usiwaulize sana."

Nikawaita wakazi kwenye darasa la shule ya mtaa, jioni. Nilikuwa nimechora ramani kubwa, safi, mapaa na njia tu, bila maandishi, nikidhani maandishi yatawatisha wasiosoma. Niliitundika ubaoni. Nikaeleza, kisha nikasema jambo nililojivunia: asiyesoma aonyeshe kwa kidole. Wanaume walikuja mmoja mmoja. Vidole vyote vilitua njia moja, ile ya upande wa mkono wa kulia. Nilifurahi kwamba mtaa mzima una nia moja.

Tombo alikuwa wa mwisho. Ndiye aliyekuwa akimvuta Koko kwa posi yake, unamkumbuka, yule aliyekuita Waziri. Akabonyeza karatasi kwa kidole gumba. "Magari yapite hii. Hii ya magharibi, yenye mtaro." Kwa jinsi nilivyoichora karatasi, ile ilikuwa ya mashariki. Nilidhani amechanganya. Nikamuuliza, "Hii hapa?" Akasema, "Hiyohiyo, Bibie." Nikaandika mashariki.

Sikumsahihisha mbele ya watu kwa kuogopa kumwaibisha. Sikumuuliza tena kwa sababu nilikwisha kupata jibu nililoweza kuliandika. Nimefikiria sana juu ya sekunde zile. Ndani yake hakuna ubaya wowote unaoweza kuuona kwa macho. Kuna heshima, kuna haraka kidogo. Mtu alisema kitu kwa kinywa na kingine kwa kidole, nami nikachagua kidole, kwa kuwa kidole kilikuwa kwenye karatasi yangu.

Akina mama hawakuingia. Saa ile ni ya kuandaa chakula cha jioni. Waliokuja walisimama nje dirishani na watoto mgongoni. Koko hakuja kabisa. Unajua kwamba mwishoni mwa miaka ya sabini, palipomwagika damu Mahajanga na familia zenye asili ya Ngazidja zikakimbia, alinibeba mgongoni akaja huku Nosy Be kwa jamaa zake. Nilikua hapa mpaka nikamaliza shule ya msingi, ndipo akarudi nami kwenye nyumba ileile, katika kichochoro kilekile. Tangu arudi alikuwa hajawahi kusema lolote mkutanoni. Akiulizwa hujibu, "Mimi nimekuja kukaa, sikuja kusema." Nilimwacha na hayo. Nilidhani ni tabia yake, kama mtu asiyependa samaki.

Wafanyakazi walifika na rangi nyekundu, wakatia misalaba kwenye kuta za kichochoro cha mashariki. Kesho yake wakaanza kuvunja mabaraza kwa nyundo. La Koko lilikuwa la tatu.

Labda hukuwahi kutazama baraza lile lilikuwa la nini. Nyonga ya Koko ilikwisha kuharibika. Hawezi kupanda ngazi moja, seuze kuinua mguu hadi kwenye kigari. Tombo alikuwa akiisogeza posi mpaka iguse saruji, kiti cha posi kikilingana na baraza, naye Koko anajisogeza kwa makalio kutoka jiwe hadi kiti, kama anayesogea mkekani kumpisha mgeni.

"Koko, leo umekuwa mzito."

"Nimebeba dhambi zako, Tombo. Twende polepole zisimwagike."

Hivyo ndivyo alivyokwenda hospitali, sokoni, kwenye ndoa na maulidi. Baraza lilipovunjwa, palibaki kizingiti na shimo. Na taxi-be zikianza kupita, posi zingekatazwa humo. Yaani Koko angebaki ndani mpaka siku ya kutolewa na wabebaji.

Nilifika mbio kutoka ofisini. Watu walikuwa wamejaa. Jirani anayepika mokary alinishika mkono, hakunishika kwa nguvu. "Mwanangu, tulisema magharibi. Mbona mmetugeuza?" Nikamwambia niliwaona kwa macho yangu wakionyesha mashariki. Mwanamume mmoja akacheka kwa kejeli: "Amesoma mpaka macho yakahama." Tombo alikuwa ameketi kwenye mikono ya posi yake, akitazama kifusi cha baraza.

Koko alikuwa ndani. Nikamwambia twende Nosy Be, nitaomba uhamisho, nyumba ya huko haina ngazi. Nilisema kama mtu anayetoa zawadi. Aliendelea kuchambua mchele.

"Mara ya kwanza niliondoka hapa kwa kufukuzwa na watu," alisema. "Watu nawaelewa. Mara ya pili niondoke kwa sababu ya karatasi? Karatasi ya mwanangu?"

"Mama, nimekosea, lakini sijui nimekosea wapi."

"Basi nenda ukatafute. Hapa unanizibia mwanga."

Nilikwenda shuleni. Darasa lilikuwa wazi, hakuna mtu. Nikasimama nilipokuwa nimesimama siku ile, sikuona kitu. Nikaketi kwenye dawati, mahali pa wakazi, nikautazama ubao. Adhana ya alasiri ikaanza, na mwili wangu, kwa mazoea, ukageuka kuelekea kibla. Uligeuka kinyumenyume, ukaupa ubao mgongo.

Ubao ulikuwa kwenye ukuta wa kusini. Aliyeutazama alikuwa na magharibi mkono wa kulia, halisi, magharibi ya jua. Nami nilikuwa nimetundika karatasi ambayo upande wake wa kulia ni mashariki. Kwa yule msichana wa Dar isingekuwa shida. Kwa watu wa Mahabibo, karatasi haina pande zake yenyewe. Pande ni za dunia, na karatasi imo ndani ya dunia kama dawati na kama mtu. Walionyesha magharibi, wote, kwa usahihi kabisa. Asiyejua alipo darasani mle alikuwa mimi.

Sikulia. Niliketi nikaona jambo jingine lisilonipendeza: kwamba kama Koko asingekuwa wa tatu kwenye kichochoro kile, ningeweza kuamini mpaka leo kwamba wakazi ni vigeugeu. Ningeliandika hivyo, kwa lugha nzuri.

Mhandisi alinisikiliza hadi mwisho. Akavua miwani. "Mkutano ulifanyika?"

"Ulifanyika."

"Wakaulizwa?"

"Waliulizwa, lakini..."

"Basi walijibu. Mtaa haujibu mara mbili, Bibie. Ukiwapa mara mbili watataka mara kumi." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake na magari ya kokoto yaliyokwisha kuagizwa. Nikamwambia nitawaita tena, na kwamba aje aseme mwenyewe mbele yao kwamba walijibu. Nadhani alikubali ili anione nikishindwa.

Nataka ujue kwamba nilipowaita mara ya pili sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa na aibu, na aibu ni injini nzuri ikiwa utaiwasha mapema, kabla haijageuka kuwa kiburi. Niliwauliza akina mama saa wanayoweza. Wakasema asubuhi, soko likipoa. Niliomba uwanja ulio nyuma ya msikiti, kwa sababu una kivuli na hauna ukuta wa kutundikia kitu. Mkuu wa mtaa alitoa mikeka. Tukaitandika, na juu yake ramani, kichwa chake kaskazini kwenye kaskazini. Safari hii nilikuwa nimechora bomba, msikiti, mtaro, milango.

Walipofika, jambo la kwanza walivua viatu. Hakuna aliyewaambia. Karatasi ilikuwa juu ya mikeka na mikeka imeelekea kibla. Mtu anakanyagaje hapo na ndala? Waliingia peku kwenye mtaa wao wenyewe. Wakaanza kutembea. "Hapa kwa mjomba." "Aa, umempa mjomba choo cha jirani!" Akina mama walikaa ukingoni, wakawa wanasogea ndani kidogo kidogo. Mmoja wa kichochoro cha magharibi, mwenye duka la nguo, alisimama juu ya mtaro akasema kwa sauti, "Na sisi je? Mwaka mzima mnasema magharibi, magharibi. Mliwahi kutuuliza sisi wa magharibi?"

Hata mimi sikuwa nimewauliza, si kwa kweli. Nilikuwa nimeuliza mtaa, na mtaa una sauti ya wenye sauti. Mhandisi, aliyesimama nje ya mikeka na viatu vyake vya kamba, akanitazama kama anayesema: umeona?

Ndipo nikaiona posi ya Tombo ikiingia uwanjani, na Koko ndani yake. Wanaume wanne walikuwa wamembeba kutoka kizingitini na kumpakia kama kabati; jambo ambalo, kwa mtu kama Koko, ni zito kuliko maumivu ya nyonga. Alikuwa amejifunga shiromani yake ya harusi, ile nguo ya heshima ya wanawake wa Ngazidja. Wakamshusha kwenye mkeka. Alijisogeza kwa makalio juu ya ramani, taratibu, akapita sokoni, akapita bomba, watu wakimpisha, mpaka akafika kwenye mlango wa tatu wa kichochoro cha mashariki. Akatulia hapo. Akatandaza shiromani magotini.

Alisema Kimalagasi, chenye lafudhi yake ya Ngazidja ambayo kwa miaka yote ile aliificha nje ya nyumba.

"Hapa ni kwangu. Nilipokimbia niliacha sufuria motoni. Niliporudi nilifungua mlango mwenyewe, sikumuuliza mtu. Sasa nimekaa kwangu. Sikatai watu kupita. Gari, posi, punda, wapite. Lakini anayetaka kupita mlangoni pa mtu, wa mashariki au wa magharibi, apige hodi kwanza."

Neno hilo, Nuria, unajua kwamba ni letu sote. Wamalagasi husema haody, Wangazidja hodi, na huko uendako utalisikia kila mlango. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Tombo ndiye aliyeanza. Alisimama ukingoni mwa karatasi, peku, akapiga makofi mawili. "Haody!"

"Karibu," Koko akasema. "Pangusa miguu, umetoka barabarani."

Watu wakacheka. Kisha Tombo akageuka, akatembea hadi kwa yule mama wa duka la nguo, akapiga makofi tena mbele yake, kwa adabu, kama mlangoni pa mgeni. "Haody, mama. Tunaomba kupitisha magari kwako. Una masharti gani?"

Naye akayataja. Mtaro ufunikwe kwanza. Honi isipigwe wakati wa swala wala mtoto akilala. Kituo kiwe pembeni, si mbele ya duka lake, na pawe na baraza la saruji la urefu wa kiti cha posi, ili mzee akishuka kwenye taxi-be asiinuliwe kama mzigo. Mwingine akadakia, mwingine akapinga. Nilikuwa nimepiga magoti nikichora juu ya karatasi kwa haraka, nikivuka miguu ya watu, nikiomba, "Samahani, nipishe, uko juu ya msikiti." Haikuwa amani. Wawili waligombana mpaka adhuhuri juu ya mti wa kivuli. Lakini kila aliyesema alikuwa amesimama mahali alipopazungumzia.

Kuna njia nyingi za kumwuliza mtu bila kumwuliza. Nimezijaribu karibu zote, kazini na nyumbani, nawe umeonja baadhi. Sina cha kukuongezea juu ya hilo ambacho siku ile haikukisema.

Mhandisi alikuwa bado pale ukingoni. Nilimwendea na kalamu, nikamwambia wakazi wanauliza kama ofisi inakubali. Akasema kwa sauti ya chini kwamba atajibu ofisini. Koko alikuwa na masikio mazuri kuliko nyonga.

"Na yule bwana wa shati refu," alisema, "mbona amesimama jua lote lile? Bwana, karibu. Hapa ndipo unapopavunja."

Watu wote wakamtazama. Alisafisha koo. Akatazama karatasi, akatazama mikeka, akatazama miguu yetu. Kisha akainama na kuanza kufungua kamba za viatu.

Mama yako.